Pikipiki Nyuma ya Kibanda cha Chai

Nilifika Habaswein nikiwa nimekaa juu ya magunia ya mahindi. Lori likavunjika ekseli hapo, dereva akapanda gari jingine kurudi Garissa kutafuta kipuri, nami nikabaki. Sikuwa na haraka. Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo mazoea yangu yalikuwa kukaa mahali mpaka nijue vitu vya pale vinafanyaje kazi, kisha naondoka. Garissa nilikuwa nimekaa kwenye gereji moja karibu na daraja, nikifungua na kufunga injini za watu. Kulivuka daraja lile kuelekea Nairobi, watu wa huko walisema ni kwenda Kenya. Kwa hiyo Habaswein, mimi mtu wa ng'ambo ile ya daraja, nikawa fundi wa Kenya.

Ilikuwa miaka ya tisini. Serikali ya ng'ambo ya mpaka ilikuwa imeanguka, mvua haijanyesha, na bunduki ilikuwa rahisi kupata kuliko sukari.

Mama mmoja mjane alikuwa na kibanda cha chai pale malori yaliposimama. Nilikunywa kwake asubuhi na jioni, na siku ya pili nikaiona pikipiki. Ilikuwa nyuma, ndani ya boma la miiba, pamoja na mbuzi. Ya Kijapani, ndogo, ya miaka ya sabini, jina la kiwanda limefutwa na jua. Mume wake alikuwa mchanja mifugo na aliizungusha visima vyote hadi alipokufa. Mbuzi walikuwa wamekula kiti chote wakabakisha springi. Mipira ya ndani ya magurudumu ilikuwa imekatwa kufungia madebe ya kuchotea maji. Nyigu walikuwa wamejenga ndani ya ekzosi, na ndani ya tangi mlikuwa na kutu na mchanga.

"Hii inaweza kuamka?" mama akaniuliza. Kama wengi wa huko, p yake ilitoka b. "Bikibiki ya marehemu. Inaweza?"

Nikamwambia sijui, lakini ningependa kujua.

Alikuwa na wana wawili. Mkubwa alikuwa amehama na ngamia kuelekea mashariki, kwenye visima, na habari zake zilikuwa zimekatika. Watu walizungumza juu ya uvamizi huko, kila mmoja kwa namna yake. Malori hayakuacha barabara kuu, na kwa miguu ni safari ya kufia njiani kwa kiu. Mdogo, kijana wa miaka ishirini hivi, mrefu, mwenye hasira za karibu, alijifunza kuendesha kwa baba yake. Alitaka pikipiki iwake aende kumtafuta kaka yake. Mama naye alitaka hivyo hivyo. Nilikula na kulala kwao kwa ajili ya kazi hiyo.

Tulianza na kijana huyo. Pistoni ilikuwa imeganda. Nikamimina dizeli ndani ya silinda nikaiacha inywe, kila siku naigonga kwa kipande cha mti mpaka siku moja ikasogea upana wa ukucha. Kijana akacheka. Ni mara moja kati ya mbili nilizomwona akicheka. Tangi tulilitia changarawe na mafuta ya taa, tukalitikisa huku na huku mpaka mikono ikafa ganzi, na kilichomwagika kilikuwa chekundu kama maji ya lagha, mto mkavu wa msimu, siku ya mafuriko. Gasketi niliikata kwenye boksi la majani ya chai. Kiti tulikishona kwa ngozi ya ngamia na kukijaza matambara. Ringi na mipira ya ndani vilikuja na lori kutoka Garissa.

Wazee waliokaa kibandani walituchungulia. "Fundi wa Kenya," mmoja wao alisema, "ngamia akilala miaka kumi ni mzoga. Wewe unampa maji?"

"Huyu alikuwa amefunga saumu tu," nikajibu. Wakacheka, akaniagizia chai.

Siku niliyosafisha kabureta nilipanga vipande vyake juu ya kitambaa. Kuna kimoja kinaitwa jeti, cha shaba, kidogo kuliko punje ya mahindi, chenye tundu la kupitisha petroli. Bila hicho pikipiki ni baiskeli nzito. Nikaenda kunawa, niliporudi jeti haipo. Tulichekecha mchanga wa ua mzima kwa kichujio cha chai. Mama alikuja kutusaidia, akapiga magoti juani na shela lake likiburuta. Hatukuipata.

Tukaagiza nyingine. Dereva tuliyemwagiza alikuwa ametoka Garissa asubuhi, na mjomba wa kijana, kaka yake mama, ndiye aliyempokea. Mjomba akasema dereva amesahau. Nilimtazama dereva, alikuwa anatazama magurudumu yake.

Baadaye nilimkuta mjomba akitia udhu nyuma ya msikiti. Alipoinama kuosha miguu, kitu kikadondoka kutoka kwenye kikunjo cha kikoi chake kiunoni. Kilimeta. Akakifunika kwa kiganja, kisha akaona kwamba nimekiona. Ilikuwa jeti. Kiunoni mle alikuwa nazo zote mbili, iliyopotea na ile tuliyoagiza.

"Kaa, fundi," akasema.

Nikakaa.

"Mtoto amekufa. Mkubwa. Amezikwa."

Aliniambia dereva wa lori la kutoka Mandera ndiye aliyeileta habari. Mama alimuuliza, kama anavyomuuliza kila anayeshuka: nabad? Naye akajibu nabad, amani, kwa sababu kwao mtu mmoja habebi habari ya kifo, na hasa mpita njia. Aliiweka kwa wazee. Wazee ndio wanaoipeleka, wakienda pamoja. Lakini walikuwa bado hawajaenda, kwa kuwa waliomuua walijulikana, ukoo wao umetuma watu, na pande mbili zilikuwa zinakaa nyuma ya ghala kila siku kusema juu ya ngamia wa damu, fidia ya aliyeuawa.

"Mdogo akijua leo, leo hii anaondoka," mjomba akasema. "Ataua au atauawa, na yale maneno ya ghalani yatakwisha. Akibata bikibiki ndiyo mbaya zaidi. Iache ifunguliwe, ifungwe, ifunguliwe. Wewe si fundi?"

Nikauliza mpaka lini.

"Mbaka tumalize."

Basi nikawa fundi asiyejua kazi. Ni kazi ngumu kuliko niliyowahi kufanya, kwa maana mikono ilikuwa imeshajua. Nilifungua klachi isiyokuwa na ubovu. Nilibadilisha waya nzima kwa waya mbovu. Mama aliniletea chai ya maziwa ya ngamia kabla ya kumpa mtu yeyote, na kila asubuhi aliuliza swali lile lile.

"Imefika wabi?"

"Bado kidogo, mama."

"Inshallah," alisema, na kurudi kwenye moto.

Kijana hakuwa mjinga. "Tafuta kipande cha shaba tutoboe wenyewe," aliniambia. Nikasema tundu lazima liwe la kipimo. "Wewe fundi gani? Baba yangu alikuwa anaitengeneza hii kwa kisu." Kisha siku moja, akiwa amekaa juu ya kile kiti cha ngozi, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba kuna mtu anamuuzia bunduki, na pikipiki isipowaka ataenda kwa miguu.

Hapo nikaona itabidi nimpe kitu. Nilichomoa plagi, nikadondosha petroli kidogo ndani ya silinda, nikairudisha, nikapiga kiki. Injini ikanguruma mara tatu nne, moshi ukafuka, ikafa. Kijana akacheka kwa mara ya pili. Akanishika mabega. Mama alitoka na birika mkononi, akasimama akiangalia ule moshi mpaka ukaisha. Tangu hapo kila alasiri nilimpa kijana ile miungurumo michache, kama mgonjwa anayepewa maji kwa kijiko, naye akawa anasubiri kesho.

Walikuja asubuhi moja, wanaume kumi hivi, wakitembea pamoja polepole, na mjomba katikati yao. Hakuna aliyekuwa na fimbo wala mzigo. Mama aliwaona wakiwa bado mbali. Akatua birika chini, akafuta mikono, akakaa. Walipofika akawa ameshajifunika uso. Mzee mkubwa kati yao alisema maneno ya dini, kisha akasema jambo lenyewe, kisha akasema kwamba damu imekubaliwa na ngamia wametajwa.

Mama akafunua uso, akatutazama mmoja mmoja, wa kwao na mimi.

"Siku zote hizi," akasema, "mlikuwa mnakunywa chai yangu."

Kijana alisimama. "Mimi sikuuliza ngamia," akasema. Mama alimshika upindo wa shati na hakuuachia.

Mjomba akatoa jeti moja kiunoni, akaiweka juu ya meza kati ya vikombe. Kijana aliiangalia, akaniangalia mimi. Nilitamani anipige.

"Weka," mama akaniambia. "Umbeleke abti, mjomba wake, aone kaburi. Huyu anabaki na mimi."

Niliifunga kwa dakika chache. Ikawaka kwa kiki ya pili, ikatulia, ikadunda vizuri, moshi wa buluu ukapita juu ya wazee. Ilikuwa injini safi kuliko zote nilizowahi kufunga. Mbuzi walikimbia. Watu hawakugeuka.

Tulikwenda mashariki, mjomba nyuma yangu amenishika kiuno. Kaburi lilikuwa rundo la matawi ya miiba na mawe, kando ya kisima kilichokauka. Mjomba akasali. Tukarudi kabla ya magharibi.

Mama alikuwa pale pale. Kijana alikuwa pembeni yake amechuchumaa, macho kwenye pikipiki.

"Mafuta yamebaki?" akaniuliza.

"Kidogo."

"Yanafika wapi?"

Nikafunga koki ya tangi. Mama alikuwa anasikiliza.

Asubuhi lori la Garissa lilipopiga honi nilikuwa nimeshafungua kabureta, bila kutumwa na mtu. Nilimwekea mama ile jeti kiganjani. Hakuuliza ni nini. Akaifunga kwenye pembe ya shela lake, fundo juu ya fundo, akanimiminia chai. Nikasimama na kikombe mkononi mpaka kikapoa. Kisha nikakirudisha mezani kikiwa kimejaa, nikapanda lori.