Nesi Aliyekuwa Zamu Ni Mama Mkwe Wangu

Admin, nifichie jina, na hata dispensari usiitaje, maana Magunga ni ndogo na watu wa kwetu wanafuata hii page. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tatu, fundi wa nguo, nina mke na mtoto mmoja msichana. Mkitaka kucheka chekeni, mimi nimeshamaliza kulia.

Mwezi jana nilibadilisha zipu ya suruali yangu mwenyewe. Nikaivaa haraka nijaribu, mteja akaniita mlangoni, nikageuka huku navuta. Wueh! Zipu ikashika ngozi ya uume. Badala ya kutulia nikaivuta kwa nguvu, ngozi ikachanika. Fundi mzima, kuumizwa na zipu! Damu haikuwa nyingi, lakini maumivu yale sitaki hata kuyasimulia.

Nikaenda dispensari nikijua nitampata daktari, mwanaume mwenzangu. Kumbe ameenda mkutano Homa Bay. Aliyekuwa zamu ni nesi aliyehamishiwa hapo juzi juzi, na nesi huyo ndiye aliyemzaa mke wangu. Kwetu Wajaluo mama mkwe ni maro. Humshiki mkono, hamli pamoja, hata kiti alichokalia wewe hukikalii. Sasa nimvulie suruali?

Akaniuliza huku ameangalia dirisha, "Baba Adhiambo, umeumia wapi?"

"Ni paja, mama."

"Paja tu?"

"Paja tu."

Najua alijua, maana niliingia nikitembea nimetanua miguu. Lakini hata yeye aibu ilimshika. Akanidunga sindano ya pepopunda kwa mkono, akanipa dawa ya kuosha kidonda na bandeji, akasema nijifunge mwenyewe nyumbani, na kikisumbua niende Migori na rufaa yake. Kisha rufaa akaiingiza kwa kompyuta. Huko kila jeraha lina namba yake, na mimi nikawekewa ile ya paja.

Kidonda kikafanya usaha. Nikaenda hospitali Migori. Daktari wa huko akanisafisha, akanipa dawa, akasema kovu limeanza kubana njia ya mkojo. Upasuaji mdogo tu, lakini nisichelewe. Nilifurahi aki. Kufika dirisha la bima, dada wa pale akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi.

"Rufaa yako inasema paja. Daktari anataka kupasua mahali pengine kabisa. Bima itakataa. Mwambie nesi aliyeandika arekebishe namba."

"Dada, si urekebishe wewe?"

"Siwezi kugusa, ni yeye tu. Kwani ni nani?"

"Ni maro."

Akaziba mdomo. "Yawa!" Akaniambia pole, akaita mtu mwingine.

Kulipa mwenyewe siwezi, msimu huu hakuna anayeshona. Nikamwomba mke wangu aongee na mamake. Akaniruka: "Mimi nimwambie mama habari za sehemu zako? Unataka nilaaniwe?" Nikamfuata yule daktari wa dispensari. Akasema kilichoandikwa na nesi hawezi kukifuta, ila anaweza kutuita tuketi sote watatu nieleze mbele yake. Nikamwambia basi, wacha tu.

Siku hizi mkojo unatoka kidogo kidogo na unachoma. Nakaa chooni hadi majirani wanagonga mlango. Nikishona, nashona nimesimama.

Jana asubuhi simu ikalia. Maro mwenyewe! Hajawahi kunipigia tangu nimwoe binti yake. Nikajua mke wangu amelegea amemdokezea, nikasema leo Mungu amenikumbuka.

Akanisalimia.

"Baba Adhiambo," akasema polepole, "lile paja linaendeleaje?"

Nafasi ndiyo hiyo, ameniletea mwenyewe mkononi. Halafu nikasikia mdomo wangu unajibu, "Limepona, mama. Asante sana."

Akasema Mungu ni mwema, akakata simu.

Ndugu zangu, hasa ninyi wenye maro, daktari wa Migori amesema upasuaji usipite wiki ijayo. Nikimpigia tena nianzie wapi? Maneno kama haya mama mkwe anaambiwaje? Msinitukane, nielekezeni tu, mimi nimeshindwa kabisa.