Banzi la Ukuta wa Jiko Langu

Mume wangu Nikolausi ni mbishi, na mimi niliyekaa naye miaka arobaini na moja sioni haya kusema. Alikuwa mpasua mbao: yeye juu ya gogo, mwenzake Bura chini shimoni, msumeno katikati. Mti wenye kovu waliuchukia, maana mteja akiliona tu anakataa mbao. Basi upande ule waliukata kuwa banzi nene, ubao wa nje wenye ganda lake, wakatupa. Mabanzi hayo ndiyo tuliyojengea mazizi na majiko huku Endasak.

Tope la mafuriko ya mto Jorodom lilichukua nyumba ya binti yetu Rogathe. Akaja kwetu na watoto watatu, tukabanana. Baadaye akapewa kiwanja kando ya korongo kavu. Mwenyekiti wa kitongoji akasema korongo lile halijawahi kufurika tangu dunia iumbwe. Rogathe akaanza kusomba mawe ya msingi. Nikolausi akaja nyumbani, akang'oa banzi moja la ukuta wa jiko langu, ugali ukiwa motoni. Nilimtukana, sifichi.

Siku ya mkutano wa kitongoji akalisimamisha mbele ya watu.

"Mtarakwa huu niliuangusha palepale kwenye viwanja vya korongo, mwaka aliobatizwa Rogathe. Mawe ya mafuriko yaliuchubua hapa," akagusa kifua chake kuonyesha kimo, "mti ukafunika kidonda. Kila mwaka unaongeza mstari mmoja. Hesabuni toka ganda mpaka kovu. Thelathini na mbili. Kovu la pili, hamsini na saba."

"Mzee Niko," mwenyekiti akacheka, "lete barua ya mtaalamu."

"Mtaalamu akija nitamsalimia. Lakini makovu haya niliyakata mimi, nikayatupa, ili niuze mbao safi. Miaka yote nimewaficha mto huu. Leo sifichi tena, mnikasirikie mpendavyo."

Watu wakanung'unika; wengi walishapewa viwanja. Rogathe akainuka, akapiga magoti mbele ya banzi, akahesabu kwa ukucha, kwa sauti. Alipofika thelathini na mbili ukucha ukaingia kwenye kovu. Nilijua anavyokitaka kile kiwanja.

"Mwenyekiti, shikamoo," akasema. "Futa jina langu."

"Kiwanja kingine hakuna, mama. Ukikataa hiki, huna."

"Basi andika kwamba sina."

Akabaki amesimama mbele ya meza ya mwenyekiti mpaka alipoona kalamu imepita juu ya jina lake kwenye orodha.