Hataza ya Mwalimu Watiri

Kwa miaka ishirini Gicheru alipanda mapaa ya watu pale Skuta, Nyeri, kufunga antena za televisheni, na siku za Jumamosi mke wake, Mwalimu Watiri, ndiye aliyekuwa macho yake. Gicheru juu akizungusha vyuma, Watiri chini sebuleni mwa mteja akitazama chenga zikipungua kwenye picha. "Imeshika," angeita, na Gicheru angekaza skrubu. Mitambo mipya ilipoingia na kazi hiyo ikadoda, Gicheru hakukaa bure. Alijifundisha kuandika programu kwa kompyuta kuukuu aliyoachiwa na mteja mmoja.

Watiri naye alifundisha darasa la kwanza Endarasha kwa miaka thelathini. Mwandiko wake ulijulikana kote. Kadi za harusi zilipelekwa kwake, na nusu ya watu wazima wa Endarasha wanaandika herufi zake mpaka leo, wapende wasipende.

Ndipo kiharusi kikampiga. Kilichukua ulimi na mkono wa kulia, akabaki na wa kushoto, na huo ukiandika ungedhani kuku amechakura karatasi. Wageni walikuja na mikate na maziwa, wakaketi, wakamsema mbele yake kana kwamba yeye ni kabati. Pole sana, walimwambia Gicheru, mwalimu amekuwa mtoto. Wengine walimpigia kelele sikioni. Niseme ukweli, wanaokuja kufariji wagonjwa wakati mwingine wangefaa kubaki kwao.

Gicheru alikataa kuamini kwamba akili ya mkewe imekwenda. Alijaribu programu zote za kusoma mwandiko alizopata, lakini zote zilitazama umbo la herufi, na umbo la herufi za Watiri lilikuwa limevunjika. Akakusanya vikaratasi alivyochakura Watiri, katoni nzima, akahangaika navyo miezi minane bila kupata kitu.

Aliyepata ufunguo ni Watiri mwenyewe. Siku moja aliushika mkono wa mumewe, akaupitisha juu ya kioo cha simu polepole, juu, chini, kisha kuzunguka, vile alivyokuwa akiishika mikono ya watoto wa darasa la kwanza. Gicheru akaelewa. Herufi iliharibika, lakini mkono ulipita njia ileile ya siku zote: ulianzia palepale, ukageukia palepale. Programu haikupaswa kutazama umbo, ilipaswa kufuata mwendo wa mkono.

Wiki tatu baadaye, wageni wakiwa wamejaa sebuleni, Watiri aliandika kwenye kioo na simu ikasoma kwa sauti: "Mimi si kiziwi. Msinipigie kelele." Kikombe cha mtu kilianguka. Gicheru alicheka mpaka akatoa machozi, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

Siku hiyo alimwahidi kwamba atamtafutia hataza, ile karatasi ya serikali inayosema uvumbuzi huu ni wa fulani. Jina la Watiri lingeandikwa la kwanza na lake la pili, ili asitokee mtu tena wa kusema mwalimu hakuwa na akili zake. Kuuza programu hakukumkaa moyoni sana. Alilitaka lile jina.

Lakini kwetu baraka haikaliwi kimya. Ukitendewa jema kama hilo, unasimama kanisani kwanza ukatoa ushuhuda. Gicheru alikuwa amesoma kwamba uvumbuzi ukishatangazwa hadharani unabaki na miezi kumi na miwili tu ya kuombewa hataza, akamsihi mkewe wangoje kidogo. Watiri akaandika, simu ikasema: "Mungu kwanza. Serikali itangoja."

Jumapili ya Pasaka wakamketisha mbele, simu ikaunganishwa na spika, na maandishi yake yakaonekana ukutani. Washirika walitarajia shukrani fupi. Mwalimu ni mwalimu, aliwafundisha. Aliandika herufi moja baada ya nyingine, akaeleza jinsi simu inavyofuata mkono, mwanzo hadi mwisho, dakika kumi na tisa. Kanisa zima lilisimama kumpigia makofi, na vijana wakaiweka video mtandaoni.

Julai kiharusi kilirudi, na mara hii hakikuacha hata mkono wa kushoto. Baada ya mazishi Gicheru aliiweka ile katoni juu ya kabati. Ombi la hataza lilihitaji mifano kutoka humo, lakini kila aliponyoosha mkono kuishusha alirudi akaketi. Mimi simlaumu. Alipoifungua hatimaye na kupeleka ombi ilikuwa Juni ya mwaka uliofuata, miezi kumi na minne tangu Pasaka.

Jibu la ofisi ya hataza lilikuja kwa Kiingereza kigumu, na Gicheru aliposoma kwamba ombi limekataliwa hakuendelea. Aliipeleka barua mjini kwa Maurine, wakili aliyemsaidia kuomba, binti wa polisi kutoka Busia aliyekulia papa hapa Nyeri. Maurine alikuwa ameshapata nakala yake na kuona tatizo. Uvumbuzi ulikwisha kujulikana, na ushahidi wenyewe ulikuwa video ya kanisani. Alikuwa amekesha akitafuta njia, na aliona moja tu.

"Mzee, tuwajibu hivi: mama alikuwa mgonjwa, hakuwa anaelewa kile anaandika. Wakikubali, hiyo video haihesabiki kama kutangaza, na patent inatoka. Jina yake itakuwa hapo juu, vile ulitaka."

Gicheru aliisukuma barua irudi kwa Maurine. Jina lingekuwa juu, na katika faili hiyohiyo, kwa sahihi yake mwenyewe, kungekuwa na maneno kwamba mwenye jina hakuwa na akili.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Hiyo ndiyo walikuwa wanasema kwangu nyumbani, na yeye akisikia."

Maurine alimkumbusha kwamba wasipojibu, mtu yeyote ataweza kuitumia kazi yao bila kuwauliza. Gicheru akasema anajua. Kisha akamwomba amsomee sehemu ile aliyoshindwa kuifikia, ajue tu walichosema kuhusu mkewe. Maurine akaitafuta, akaigeuza kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi: maelezo ya Bi. Watiri Gicheru katika video hiyo ni kamili na yanaeleweka, na mtu yeyote mwenye ujuzi wa kazi hii anaweza kuyafuata hatua kwa hatua.

Gicheru alimwomba arudie. Maurine akarudia. Mzee akageukia kiti kitupu kilichokuwa kando yake, akalia bila kujificha. Miaka ishirini alizoea kuwa juu ya paa akisubiri sauti ya Watiri imwambie kwamba imeshika. Sasa ilikuwa imeshika, na ndani hapakuwa na mtu wa kuita.