Asali ya Apolinaria Haichemshwi

Saa mbili asubuhi, baridi ya Julai bado haijaondoka sokoni Mtendeni, Tabora, na Apolinaria Kasanda anaigeuza chupa ya asali juu chini. Haimwagiki. Imeganda kutoka kitako hadi shingoni, nyeupe, yenye punje. Anaifuta vumbi na kuiweka mbele kabisa ya meza yake.

"Mama, hii si umetia sukari?" anauliza msafiri mmoja mwenye begi begani.

"Sukari imo, baba. Ila kaitia nyuki."

Msafiri anacheka, anairudisha chupa, anahamia meza ya jirani ambako asali inatiririka kama maji.

Apolinaria, 43, mama wa watoto watatu, anasema mwezi huu huuza theluthi moja tu ya anachouza Desemba, wakati baridi haipo na asali haigandi. Wenzake huchemsha asali yao ili isigande. Yeye amekataa, na sasa kukataa huko kunaweza kumgharimu nafasi yake. Nassibu, mwenyekiti wa safu ya wauza asali, ameagiza asali yote iliyoganda iondolewe mezani kufikia Jumamosi. Asiyetaka, ahame.

"Dada yangu, najua yako ni halali," Nassibu anamwambia akiwa amesimama mbele ya meza. "Lakini abiria hajui. Akiona punje, anasema watu wa Tabora wezi. Chemsha, tukae kwa amani."

"Niharibu kizima ili kifanane na kibovu?"

Ubishi wao unaweza kuamuliwa na kemia ya sekondari. Kaboni, hidrojeni na oksijeni ni elementi. Haziwezi kugawanywa kikemia kuwa vitu rahisi zaidi. Zikiungana kwa uwiano maalumu hutoa kampaundi, kama glukosi, ambayo haifanani na hata moja kati ya hizo tatu.

Asali si elementi wala kampaundi. Ni mchanganyiko: glukosi, fruktosi, maji na vitu vingine vichache, kila kimoja kikiwa kimebaki na tabia yake. Glukosi haiyeyuki kwa urahisi kama fruktosi. Baridi ikija, hujitenga na kuwa punje.

Apolinaria anachukua sufuria ambayo jirani yake huchemshia asali, anakwangua ukoko mweusi kwa ukucha.

"Punje zangu ukiziweka kwenye maji ya vuguvugu zinalainika. Huu nao utarudi kuwa asali?"

"Huo unatoka ukisuguliwa kwa jivu na mchanga," anajibu Nassibu, na safu nzima inaangua kicheko.

"Unatoka kwenye sufuria, mwenyekiti. Kuwa asali haurudi."

Hapo yuko sahihi. Vuguvugu huyeyusha tu kilichojitenga. Moto mkali huvunja kampaundi zenyewe, na weusi unaobaki sehemu kubwa ni kaboni.

"Kemia ndilo somo pekee nililofaulu kidato cha nne," anasema. "Nimelisotea, acha nilitumie."

Punje, hata hivyo, si cheti. Asali iliyoongezwa sukari nayo inaweza kuganda, na jibu la uhakika liko maabara. Apolinaria hapingi. "Waje wapime. Wakimaliza yangu, wapime na zinazotiririka."

Ana sababu nyingine ya kutorudi nyuma. Dionis, mfugaji nyuki wa Ipole, humpa yeye kwanza mavuno yake kwa sharti moja.

"Akichemsha, simletei tena," anasema Dionis. "Nyuki wangu hawana jiko."

Akitii agizo, atampoteza Dionis. Akikaidi, atapoteza meza aliyoipigania miaka tisa, iliyo mahali ambapo kila abiria aendaye stendi lazima apite.

Ijumaa mchana anafunga chupa zake kwenye maboksi. Amekubaliana na mwenye duka la mbegu, ng'ambo ya barabara, amwachie kibaraza. Anapanga kuweka mitungi ya kioo, punje zionekane kwa mbali, na beseni la maji ya vuguvugu, ili anayetaka asali laini ailainishe kwa mkono wake mwenyewe.

Nassibu anamsaidia kunyanyua boksi la mwisho.

"Huko hakuna abiria, dada. Kabla ya Desemba utakuwa umerudi."

"Desemba hata yako itauzika," anamjibu, akivuka barabara. "Wewe njoo Julai, uone nani ana foleni."