Maneno Mawili ya Mwanamke Mkanaani

Binti yangu alianza kuugua akiwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa msusi katika saluni moja hapa mtaani Baba Dogo, na vidole vyake vilikuwa vyepesi hivi kwamba wateja walikubali kumngoja huku viti vya wasusi wengine vikiwa wazi. Kwanza aliacha kulala. Kisha akaanza kusema kwamba watu wa ghorofa ya juu wanamsengenya kupitia bomba la maji. Siku moja alimwacha mteja amesukwa nusu kichwa, akarudi nyumbani, akajifunika blanketi. Kazi yake ikaishia hapo.

Daktari aliupa ugonjwa jina, akatuandikia dawa. Watu wengine wakaupa majina yao. Shemeji zangu walisema kuna mtu huko kwetu magharibi aliyemwonea wivu. Mhubiri mmoja wa hema alimshika kichwa akamtikisa mpaka mtoto akaangua kilio, kisha akatuambia pepo amekataa kutoka kwa sababu wazazi hawana imani. Mume wangu alitoka humo akitukana. Mimi nilitoka nikiamini.

Kufikia Kwaresima nilikuwa nimeomba kwa kila namna niliyofundishwa. Nilikuwa nimesali novena, nimefunga, nimeweka nadhiri. Mimi huuza chapati na maharagwe nje ya geti la kiwanda ambamo mume wangu hufanya kibarua, na hata nikisukuma unga nilikuwa namweleza Mungu habari yote upya, tangu usiku wa kwanza mtoto alipokosa usingizi, kana kwamba kuna jambo nililosahau kumtajia na ndilo linalochelewesha mambo. Nilimpangia hata njia. Nilimwambia daktari gani amtumie, dawa gani aibariki, siku gani ingefaa. Nikimaliza nilikuwa nimechoka kuliko nilivyoanza, na binti yangu alikuwa palepale kwenye godoro, amegeukia ukuta.

Sisi ni Wakatoliki. Wakati wa Kwaresima jumuiya yetu ndogo hukutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wetu, tukasoma Neno na kusali. Mwaka ule zamu yetu ilipofika nilipiga deki chumba, nikaazima viti, nikachemsha chai ya maziwa. Mume wangu alivaa shati lake la Jumapili. Binti yetu alikuwa ameketi kwenye godoro lake, ametulia, na nilithubutu kumtia mafuta usoni.

Saa ya kukutana ilipita. Halafu simu ikaanza kulia kwa ujumbe, mmoja baada ya mwingine. Huyu alikuwa na mgonjwa, yule alikuwa na wageni, mwingine ametumwa na tajiri wake Industrial Area. Mwishowe mwenyekiti wa jumuiya akapiga hodi. Ni mjane anayeuza mboga chini ya ghorofa yetu, mama mpole ambaye sijawahi kumsikia akisema vibaya juu ya mtu.

"Karibu, mama," nikamwambia. "Wenzako wako wapi?"

Alibaki mlangoni. "Wako chini. Usikasirike, mama. Wanaogopa. Ile siku alipopiga mayowe katikati ya rozari, wenye watoto wadogo walishtuka sana. Wanauliza kama unaweza kumpeleka kwa jirani kidogo, tusali, kisha arudi."

"Jirani yupi?"

Akatazama sakafu.

"Hii ni nyumba yake," nikasema. "Siwezi kumtoa ndani ili watu waje kumwombea."

"Basi wacha tukutane kwangu. Wewe uje, baba abaki naye."

"Nendeni tu, mama. Mtusalimie."

Aligeuka kuondoka, kisha akarudi hatua moja. "Somo la leo ni Mathayo kumi na tano. Yule mwanamke Mkanaani." Nafikiri alisema hivyo kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kunipa. Baada ya muda mfupi tulisikia wimbo ukipanda ngazi kutoka chumbani kwake.

Mume wangu alichukua Biblia. Husoma polepole, kidole kikifuata mstari, maana aliacha shule mapema. Alisoma jinsi yule mwanamke mgeni alivyomfuata Yesu njiani akipaza sauti, akieleza kwamba binti yake anateswa vibaya. Akasoma kwamba Yesu hakumjibu hata neno moja.

"Mbona hakumjibu?"

Aliyeuliza alikuwa binti yetu. Hakuwa ametutazama machoni kwa wiki nzima, na sasa alikuwa amegeuka kutoka ukutani.

"Sijui," baba yake akasema.

"Mathe, mbona hakumjibu na alimsikia?"

"Hata mimi sijui, mwanangu."

"Soma, buda."

Akaendelea. Wanafunzi walimsihi Yesu amfukuze yule mama, kwa sababu anawapigia kelele. Hapo mume wangu alitazama viti tulivyoazima, kisha akasoma tena. Mwanamke alikuja akapiga magoti. Hakurudia hadithi yake ya kule nyuma. Alisema tu: Bwana, nisaidie. Akaambiwa chakula cha watoto hakitupiwi mbwa, naye akakubali. Akasema ni kweli, ila hata mbwa hula makombo. Mwisho wake binti yake akapona saa ileile.

Nilisubiri binti yangu aulize juu ya kupona. Alikuwa ameshageukia ukuta.

Tulikunywa ile chai wawili. Nilikuwa nimeisikia habari hiyo kanisani tangu utotoni na sikuzote mahubiri yalikimbilia mwisho, kwenye imani kubwa na mtoto mzima. Siku hiyo nilibaki katikati. Niliona kwamba maombi ya yule mama yalikuwa yakipungua kadiri alivyozidi kusukumwa. Mwanzoni alimwita Yesu kwa cheo chake na kueleza ugonjwa. Aliponyamaziwa, na wanafunzi wakataka afukuzwe, kilichobaki kilikuwa maneno mawili. Wala hakubishana kuhusu jina aliloitwa. Hakusema anastahili. Alikaa palepale chini tu.

Kuanzia kesho yake niliacha kumpangia Mungu. Nikisukuma unga nilisema, Bwana, nisaidie. Nikipanda ngazi na mtungi wa maji nilisema hivyo. Sitaki mtu afikiri kwamba nilipata amani. Nilichopata ni kwamba sikuwa na kitu kingine cha kusema. Mambo yalizidi kuharibika. Niligundua binti yangu alikuwa akificha vidonge chini ya ulimi na kuvitema chooni, na alikuwa amefanya hivyo kwa muda ambao siujui.

Ijumaa moja karibu na wiki ya Matawi, nilienda kwenye Njia ya Msalaba nikamwacha na baba yake. Mume wangu aliingia chooni, choo chenyewe kiko mwisho wa korido, na aliporudi mlango ulikuwa wazi. Alinipigia simu nikiwa nimepiga magoti. Tulizunguka Baba Dogo yote tukiuliza. Mtu mmoja wa bodaboda akatuambia amemwona msichana bila viatu akielekea Kiamaiko.

Tulimkuta huko, kwenye soko la mbuzi. Alikuwa amefungua zizi la mfanyabiashara mmoja, na mbuzi walikuwa wametawanyika barabarani, wengine katikati ya magari, vijana wakiwakimbiza. Wanaume walikuwa wamemzingira binti yangu. Mdomo wake ulikuwa unatoka damu, na mmoja wao alikuwa na fimbo ya kuswagia mbuzi.

"Walikuwa wanalia," alikuwa akisema. "Walikuwa wananiita."

"Huyu ni wa nani?" mwenye mbuzi akauliza.

"Ni wangu," nikasema.

"Mbona unaachilia wazimu wako barabarani? Hata mbwa hufungwa!"

Mume wangu alikunja ngumi. Nilimjua, na niliwaona wale wanaume walivyokuwa wengi. Nikapiga magoti pale, kwenye mavi na mkojo wa mbuzi, na gauni langu la kanisani.

"Ni kweli, baba," nikamwambia. "Ningemfunga ningekuwa na moyo huo. Ni mgonjwa. Ni mtoto wangu. Nisaidie."

Mwenye mbuzi alinitazama. Labda alikuwa na binti. Labda alichoka tu, au aliona mbuzi wake wote wamerudishwa. Alimnyang'anya mwenzake ile fimbo, akasema, "Inuka, mama. Mchukue. Asionekane hapa tena."

Tulipofika daraja la mto, mume wangu alinigeukia. "Umepiga magoti mbele ya wale," akasema.

"Ndiyo."

"Na Mungu umempigia mangapi?"

Akamshika mtoto mkono, akatangulia. Tangu siku hiyo hajakanyaga kanisani. Simlaumu. Kila Jumapili hunifulia viatu, huniwekea pale mlangoni, akabaki na mtoto.

Daktari alisema binti yetu alazwe. Pasaka ile nilikesha kwenye ibada peke yangu, mshumaa mkononi, na watu walipoimba Aleluya mimi nililia. Mwenyekiti wa jumuiya alisimama karibu nami bega kwa bega. Alitaka kusema kitu, nadhani kuomba msamaha, lakini alinishikia tu mshumaa nilipokuwa nikipenga kamasi.

Nilikuwa nimeweka tumaini moja ambalo sikumwambia mtu: kwamba siku nitakapomleta nyumbani, nitamkuta kama yule mama alivyomkuta wake. Alirudi mvua za masika zikiwa zimeanza. Hasikii tena watu kwenye bomba, hilo ni kweli, na nashukuru. Lakini dawa zimemnenepesha na kumpunguza kwa pamoja. Mikono yake inatetemeka, hawezi kushika nywele. Mwenye saluni alikuja kumsalimia mara moja, wakatazamana, akaondoka. Daktari anasema huenda atakaa hivi.

Ninaendelea kuomba kwa yale maneno mawili. Sijui kama ni imani au ni ukaidi, na siku hizi sijali kutofautisha. Wapo wanaoniambia jibu liko njiani. Mimi silioni. Ninachojua ni kwamba yule mwanamke alipofika mahali ambapo angeweza kugeuka arudi kwao, hakugeuka, na wakati ule hakujua mwisho wa habari yake.

Jana alasiri mvua ilinyesha sana, maji yakaingia koridoni, tukakaa kitandani miguu juu, mimi naye.

"Mathe, leo ni siku gani?" akaniuliza.

"Jumanne."

Akatazama mvua. Baada ya kitambo akageuka tena, uso wake ukiwa na wasiwasi uleule, akauliza, "Leo ni siku gani?"

"Jumanne, mwanangu," nikamwambia, na nikasogea karibu, maana nilijua atauliza tena.