Bibi Yangu wa Kwenye Ndoo

Wandugu, mukaribie, nijicheke mwenyewe mbele ya ninyi kunicheka.

Miye naishi peke yangu kule mutaa wa Point, huku inchi ya baridi, chumba kidogo mpaka kivuli yangu inalala inje. Simu yangu inalia tu wakati ya matangazo. Baridi ilipoisha, nikapanda lengalenga, ile mboga ya muchicha, kwenye ndoo, pale balcon, kibaraza ya juu. Mbegu elfu moja, ikaota moja tu! Basi hiyo moja nikaifanya mutu. Kila asubuhi: "Chérie, mupenzi, umelala aje? Kunywa maji."

Mama Odette, jirani yangu, tunasali naye, akanikamata kwenye ngazi: "Ndugu Faustin, nasikia kwenye ukuta unaamusha mutu. Bibi yako wa ndoa alifika?"

Aibu! Niseme naongea na majani? Nikajibu, "Eh mama, alifika."

Jumapili, wamama wa kanisa wakajaa mulangoni na vigelegele, sufuria ya wali, kitenge kipya cha bibi-arusi. "Iko wapi tumupokee?"

Nikaonyesha ndoo.

Mama Odette akainama, akapapasa majani, akaniangalia:

"Sasa huyu bibi, Ndugu Faustin, tumuvalishe kitenge ao tumutie chumvi?"