Kichupa Nilichokataa Kukitoa

Mimi hasira zangu ziko karibu, nakiri. Lakini asubuhi ile nilipomkatalia mume wangu kichupa, haikuwa hasira. Ilikuwa hofu.

Tulikuwa na miaka minane ya ndoa, tukikaa chumba kimoja nyuma ya soko la Gikomba, alikouza makoti ya mitumba, na hatukujaliwa mtoto. Daktari alisema mbegu zake ni chache, ila angeweza kuzitia tumboni mwangu kwa mpira mwembamba. Hatukutaka mtoto wa kunong'onewa, kwa hivyo tulianzia kwa shekhe wa mtaani. Alisikiliza mpaka mwisho. "Mbegu ya mume, tumbo la mke, na ndoa iwe imesimama," akasema. "Wa tatu asiingie. Hapo hamna haramu." Mume wangu alitoka pale kama mtu aliyetuliwa gunia.

Siku kumi kabla ya miadi, wifi yangu aliniita mgumba mbele ya wageni. Mume wangu alijua tatizo ni la nani, akanyamaza. Wageni walipoondoka nilimpa yake yote, naye akanijibu, "Nimekuacha." Talaka moja, ambayo mume anaweza kurejea kabla eda haijaisha. Nikakaa eda humo humo chumbani, mimi kitandani, yeye kwenye mkeka. Siku ya tatu akaja na maini ya mbuzi, nikayapika, tukala sahani moja, mkeka ukakunjwa. Kwetu ugomvi huisha hivyo, hakuna anayeomba radhi.

Asubuhi ya miadi akanyoosha mkono nimpe kichupa cha daktari, cha kutilia mbegu. Ndipo nikakumbuka maneno ya shekhe. Ndoa iwe imesimama. Sasa hii yetu imesimamishwa na nani, maini?

"Hujanirejea," nikamwambia.

"Si tunaishi? Wacha mchezo, mama. Saa tatu tunangojewa."

"Maini hayarejeshi mke. Sema kwa mdomo wako, ama hiki sikitoi."

Nikakificha mgongoni. Na bado nilimtaka mtoto yule kuliko kitu chochote.

Mume wangu hakuwahi kuniambia pole hata aliponikanyaga. Alikaa kwenye stuli, macho yakamjaa. "Nimekurejea, mke wangu. Nimekurejea katika ndoa yangu. Na siku ile mbele ya wageni ningesema tatizo ni langu. Nisamehe."

Nilimpenda hapo kuliko siku ya harusi. Kichupa kilipokuwa tayari nikakitia kifuani, chini ya buibui, kisipoe njiani.

Mimba haikushika. Mwezi wa pili haikushika, wala wa tatu, na daktari akatushauri tuache.

Tulirudi nyumbani. Nilikuwa nafungua kufuli aliposema nyuma yangu, "Ukitaka ukazae kwingine, nitakuacha kwa wema. Sitakulaumu."

"Sema lile la siku ile," nikamwambia.

"La kukurejea? Mbona sijakuacha?"

"Najua. Sema tu."

Akalisema, pale pale mlangoni, majirani wakisikia. Kisha tukaingia, nikabandika chai.